Niachieni nukta niiguse

Wiki iliyopita niliketi nyuma kabisa ya ukumbi mmoja hapa mjini, kiyoyozi kinatugandisha, jamaa anatuonyesha programu yake ya kufundishia korelesheni, yaani jinsi vitu viwili vinavyopanda na kushuka pamoja. "Ni shirikishi kabisa," alisema, tena mara tatu. Nukta zikadondoka kama mvua ya masika, mstari ukajichora wenyewe, r, ile namba ya kati ya -1 na 1 inayopima uhusiano huo, ikawaka rangi ya chungwa. Tukapiga makofi. Kazi pekee aliyoachiwa mwanafunzi ni kubonyeza "Endelea". Kama huo ndio ushirikishi, basi hata lifti inashirikisha.

Iliniuma zaidi kwa sababu juzi yake mpwa wangu, yuko mwaka wa pili chuoni, alikuja na kazi yake ya takwimu. Kanuni ya Pearson ya kutafutia r anaighani kama dua. Kukokotoa, anakokotoa. Nikamuuliza, r ya 0.82 ikichorwa inakaaje? Akanikodolea macho. "Anko, namba nayo ina sura?"

Nikamtolea zile seti nne za data za mwanatakwimu Francis Anscombe za mwaka 1973. Kila seti ina nukta 11, wastani wa x ni 9, wa y ni 7.5, na r ni ileile 0.82 kasoro kidogo. Zichore sasa. Moja imetawanyika kistaarabu, moja imepinda kama upinde, moja imenyooka ila nukta moja imechepuka. Ya nne ni kituko: nukta kumi zimepangana wima kwenye x ya 8 kama foleni ya Mwendokasi Kimara asubuhi, na moja imejitenga kule 19.

Hiyo ya nne tuliiingiza kwenye GeoGebra, programu ya kuchorea hesabu. Nikamwambia, ishike ile iliyojitenga, iburute chini. Kwa y ilikuwa kwenye 12.5. Kila alivyoishusha, r ikaporomoka nayo. Ilipofika 7, r ikawa sifuri. Akaizidisha kushuka, ikageuka hasi.

"Kumbe kelele zote ni za huyu mmoja!"

Dakika mbili tu. Kanuni alikuwa nayo muhula mzima.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotengeneza hivi vitu, nipeni nukta niburute. Na hiyo r ificheni! Mtoto akishaiona namba, mchoro hautazami tena. Mwacheni akisie kwanza, aandike 0.9 kwa kujiamini, ndipo mumfunulie kwamba ni 0.5.

Haya, mtihani utauliza kanuni, kwa hiyo mkono nao lazima uizoee. Nimekubali. Rangi nazo zinapendeza, sikatai. Ila programu isiyofunguka bila bando ibaki hukohuko kwenye kiyoyozi.

Jana saa tano usiku mpwa kanitumia ujumbe. Kaiburuta ile nukta iliyochepuka ya seti ya tatu mpaka ikarudi mstarini, r imefika karibu 1 kamili. Sasa anataka kujua kama ni halali kuifuta kabisa, na mimi mpaka sasa sijamjibu.