Mwanafunzi wa uuguzi anayekunywa asifukuzwe kwanza

Vyuo vya uuguzi ninavyovifahamu vinakataza pombe na sigara hosteli, na ukikamatwa unasimamishwa masomo au unafukuzwa. Kanuni yenyewe siipingi. Napinga imani kwamba ikishabandikwa ukutani, kazi imekwisha.

Twende wodini. Binti wa mwaka wa kwanza anapelekwa mafunzo kwa vitendo. Wiki haijaisha, anaambiwa asaidie kuandaa mwili wa bibi aliyemlisha uji asubuhi. Akimaliza ananawa mikono na kwenda kupima presha kitanda cha pili. Hakuna anayemuuliza leo atalalaje. Zikija zamu za usiku, anarudi hosteli jua limeshapanda, kelele kila upande, usingizi hauji. Hapo ndipo mwenzake wa mwaka wa tatu anapomsogezea chupa ndogo ya pombe kali. (Viroba, yaani pombe kali ya vipakiti, vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, pombe kali ikabaki kwenye chupa.) Usiku tena, fegi mbili nyuma ya jengo ili asisinzie.

Na haya yote amefundishwa darasani. Anajua pombe humlaza mtu upesi kisha ikamkatia usingizi. Anajua nikotini ikipungua mwilini huacha hasira na hamu ya fegi nyingine. Anajua pombe imeorodheshwa kimataifa miongoni mwa visababishi vya saratani tangu 1988. Kwa hiyo kumwongezea mhadhara ni kupoteza muda. Shida yake haikuwa kutojua.

Mgonjwa naye anaumia. Ukiwa unanuka sigara, ni vigumu kumuuliza mzee wa kifua kama anavuta, na swali hilo likirukwa amekosa ushauri aliostahili.

Mwanafunzi aliyelewa zamuni aondolewe wodini saa ileile. Hilo halina mjadala, mgonjwa kwanza. Lakini kumtoa wodini si kumfukuza chuo. Hospitali ya Taifa Muhimbili inatoa methadoni, dawa ya kuwasaidia waraibu wa heroini kuacha, tangu 2011, na sisi tunawafundisha wanafunzi wetu kumpokea mraibu bila kumhukumu. Kwa nini wao wenyewe tuwapokee kwa barua ya kufukuzwa?

Nataka mwalimu wa kliniki akae na mwanafunzi baada ya kushuhudia kifo cha mgonjwa kwa mara ya kwanza wodini, siku hiyohiyo. Nataka pia mshauri asiyekuwa mjumbe wa kamati ya nidhamu, na anayejitokeza mwenyewe kuomba msaada asifunguliwe jalada.