Kurushwa darasa si zawadi ya kushika namba moja

Kila Januari, ripoti za Desemba zikishasomwa, kuna wazazi wanaomfuata mwalimu mkuu na ombi lilelile: mtoto kashika namba moja, arushwe darasa. Namba moja inasema amewapita aliokaa nao. Kama atawaweza wa darasa la mbele, haisemi.

Tatizo ni karatasi. Mtihani wa darasa la pili unaishia kwenye mambo ya darasa la pili. Wawili wakipata 98, mmoja huenda amefika mwisho wa uwezo wake na mwenzake hata jasho halijamtoka. Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, katika mradi alioanza mwaka 1971, alikwepa mtego huo kwa kuwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT, ambao kwa kawaida hufanywa na wanaoomba vyuo. Shule ya msingi yoyote inaweza kuiga hilo kwa gharama ya kudurufu karatasi.

Chukua mtihani wa kufunga mwaka wa lile darasa litakalorukwa. Mpe Kiswahili, Kiingereza na Hisabati kwa siku tofauti, asimamie mwalimu asiyemfundisha. Mstari wangu ni 80 kwa kila somo, wala sitaki kusikia wastani. Wastani ndio mchawi: 96 ya Kiswahili inaificha 52 ya Hisabati. Kisha karatasi isomwe mada kwa mada, maana Hisabati zinapandana kama matofali. Asiyefundishwa KDS (kigawe kidogo cha shirika) atajumlisha 1/2 na 1/3 apate 2/5, na atakwenda na kosa hilo mpaka aljebra imuumbue. Mada zilizopwaya zifundishwe kabla hajahama, si baada.

Wakati mzuri ni mapema: la kwanza kwenda la pili, wiki za mwanzo, kwa yule aliyetoka chekechea anasoma hadithi huku wenzake wanaimba a-e-i-o-u. La nne msiliguse. Lina Upimaji wa Taifa wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, na kumtoa mtoto la tatu kumpeleka la tano ni kujitafutia maswali ya kumbukumbu zake siku ya usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kenya kamba imekazwa zaidi: alama za kumpangia mwanafunzi shule ya sekondari ya juu ni asilimia 60 za KJSEA (mtihani wa mwisho wa Gredi 9), 20 za KPSEA (ule wa Gredi 6) na 20 za tathmini ya shuleni ya Gredi 7 na 8. Ukimrusha Gredi 8, umemtoboa mfuko.

Aliye moto kwenye Hisabati pekee hana haja ya kuhama. Aende darasa la juu kwa kipindi hicho, arudi kwa wenzake. Kinachokwamisha ni ratiba: Hisabati za madarasa hayo mawili lazima ziwe kwa wakati mmoja, na kazi hiyo inamwangukia mwalimu wa taaluma, ambaye mara nyingi ameshaipanga tangu likizo. Aambiwe Novemba.

Akishahama, tegemea ashuke. Wa kwanza anakuwa wa kumi na tano, mkono hauendi na kasi ya kunakili ubaoni, mzazi anaanza kulaumu. Mpeni wiki 6 kabla ya kuamua lolote, na ahadi ya kurudi bila aibu itolewe kabla hajahama. Asipelekwe darasa alilopo kaka au dada yake. Nyumba hiyo haitalala.

Watu huhofia umri darasani, mimi nahofia bweni. Mtoto wa miaka 11 kidato cha kwanza atasoma vizuri tu, ila usiku yuko na wa miaka 17. Kama mtamrusha, tafuteni shule ya kutwa kwa miaka miwili ya mwanzo. Na kabla ya yote hayo aulizwe mwenyewe, mama na baba wakiwa nje. Akisema hataki, faili lifungwe.