Ukienda Kusoma Amani Ughaibuni, Soma Ugomvi wa Mwenyeji Wako

Ukijiunga na kozi ya amani na migogoro ughaibuni kama mwanafunzi wa kubadilishana, nawe unatoka Afrika, jiandae kufanywa shahidi. Mwalimu akigusia mapinduzi, askari watoto au wakimbizi, macho ya darasa zima yatakugeukia, hata kama nchi iliyotajwa iko mbali na kwenu kwa saa tano za ndege. Nimekaa kwenye semina za namna hiyo. Wengi wetu huupokea ushahidi huo kwa furaha kwa sababu unaleta heshima ya bure, na insha ya mwisho wa muhula inakuwa imeshajiandika: mtu anaandika juu ya kwao. Kwa maoni yangu, huko ni kupoteza nauli.

Mgogoro wa kwenu unaweza kuusoma ukiwa kwenu, walipo wazee walioushuhudia na lugha unayoielewa hadi mafumbo yake. Ng'ambo ulichofuata ni kuona jamii nyingine inavyoishi na ugomvi wake, hasa ile inayojinadi kwamba imeshapona.

Fani yenyewe haikusaidii sana hapo, maana vituo vyake vikongwe viko mahali patulivu. Taasisi ya utafiti wa amani ya PRIO ilianzishwa Oslo mwaka 1959, na idara ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, ikafuata mwaka 1971. Ukiwa huko, vita ni kitu cha kuhesabu. Watafiti wa Uppsala wana kipimo kinachotumiwa dunia nzima: mapigano yakiua watu wasiopungua 25 kwa mwaka, huo ni mgogoro wa silaha, vifo vikifika 1,000, ni vita. Sikidharau kipimo hicho. Bila kukubaliana tunahesabu nini, kila mtu angelinganisha anavyotaka. Ila hakina la kukuambia kuhusu mtaa ambao watu hawauani tena na bado hawazikani. Johan Galtung, mwanzilishi wa PRIO, alitofautisha amani hasi, yaani kukoma kwa mapigano tu, na amani chanya, ambayo inadai haki na mahusiano. Kila mwanafunzi anayakariri hayo wiki ya kwanza.

Kuyaona ni jambo jingine, na kwa hilo mimi ningemtuma mtu Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini. Makubaliano ya Ijumaa Kuu yalitiwa saini tarehe 10 Aprili 1998, baada ya miaka thelathini hivi ya machafuko yaliyoua watu takriban 3,500. Kwenye vitabu vingi, Ireland ya Kaskazini ni mfano wa mafanikio. Lakini kuta zinazotenganisha mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, ambazo za kwanza zilijengwa mwaka 1969 kama hatua ya muda, zipo hadi leo, na baadhi ya mageti yake hufungwa usiku. Mwaka 2013 serikali iliahidi kuziondoa zote ifikapo 2023. Mwaka huo umepita. Na usidhani ni uzembe wa wanasiasa peke yao: wakazi wengi wa karibu wakiulizwa, husema ziachwe kwanza. Mgeni anaona aibu ya amani iliyokwama, wakati mzazi ambaye ua wake umepakana na ukuta anaona kinga dhidi ya mawe na chupa za petroli. Insha nzuri inaanzia hapo, kwa sababu wote wawili wana hoja.

Kisha ingia bungeni kwao. Kila mbunge anajiandikisha kuwa wa upande unaotaka kubaki Uingereza (wengi wao Waprotestanti), wa upande unaotaka kuungana na Ireland (wengi wao Wakatoliki), au "mwingine". Maamuzi mazito yanahitaji ridhaa ya pande mbili za kwanza. Hao "wengine" kura zao hazina uzito huo. Chama kikubwa cha upande mmoja kikisusa, serikali inasimama, kama ilivyokuwa kuanzia 2017 hadi 2020, na tena kuanzia 2022 hadi 2024. Bosnia ni vivyo hivyo, pengine zaidi: mkataba wa Dayton wa 1995, uliomaliza vita vya huko, uliweka urais wa watu watatu, Mbosniaki, Mserbia na Mkroatia. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema mpangilio huo unawabagua Wayahudi na Waroma (jamii ya wachache iliyosambaa Ulaya), ambao hawawezi hata kugombea.

Sasa rudi Afrika, utazame Burundi na Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000, ya kutafuta amani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, yaliyosuluhishwa na Mwalimu Nyerere na, baada ya kifo chake, Mandela. Katiba iliyotokana nayo iligawa viti vya Bunge asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, na viti vitatu vya kuteuliwa kwa Watwa. Ukitokea Belfast unaisoma hesabu hiyo kwa jicho jingine. Unajiuliza mkataba unaozima moto kwa kugawana vyeo kikabila unamfanya nini mtoto wa ndoa mchanganyiko, na nani atakuja kuufungua wakati walioukalia ndio wanaoula.

Jambo moja la vitendo: muhula ni mfupi, usikimbilie kuwahoji waathirika. Kibali cha maadili ya utafiti huchelewa, na watu hao wameshachoshwa na wanafunzi wenye vinasa sauti. Chuo Kikuu cha Ulster kina hifadhi ya nyaraka za mgogoro huo, CAIN, iliyo wazi mtandaoni, na inatosha kwa insha kadhaa. Kaa kwenye mikutano ya wazi ya halmashauri. Sikiliza vipindi vya redio ambavyo wasikilizaji hupiga simu.

Na darasa likikugeukia tena, jibu kwa ufupi, halafu waulize wenyeji kuhusu kwao. Wataanza kujikuna. Ukiwa Belfast tu, usianze na swali la shule waliyosoma: watoto wengi wa pande hizo mbili husoma shule tofauti, kwa hiyo jina la shule linamtaja mtu dini, na mwenzako atadhani unampima.