Bomba la uani na kocha wa Stars

Jamani naomba niseme ukweli mapema, bomba la uani kwetu limekufa kwa sababu ya Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya mpira. Najua inasikika vibaya, mama Kulwa nilipomwambia alinitazama kama anavyomtazamaga muuza dagaa aliyempunja kopo, lakini ndo ilivyokuwa na mashahidi ninao, wapangaji wote wa nyumba hii na watoto wao ambao idadi yao sijawahi kuijua.

Tunakaa Gongo la Mboto, nyumba ya kupanga, vyumba 7 bomba moja. Bomba lenyewe lilianza kuvuja tangu mwezi wa 11, tena siyo kuvuja kwa adabu tone tone, linatema. Mwenye nyumba anasema mchange, wapangaji wanasema mwenye nyumba atengeneze, mwisho ikaamuliwa mi ndo nitafute fundi eti kwa sababu naongea sana. Sawa. Akaja fundi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Na hawa watu sijui wanafundishwa chuo kimoja, kila anayekuja kabla hajashika spana anachuchumaa kwanza, anatikisa kichwa, anacheka kidogo puani, halafu anauliza: "Nani huyu aliwafungia hivi?" Wa pili akasema wa kwanza kaharibu. Wa tatu akasema wa pili siyo fundi, ni mtu wa vyuma chakavu. Wa nne ndo kiboko, alisema tubomoe sakafu yote ya uani, tufukue bomba mpaka barabarani, tujenge msingi, matunda tutayaona baadaye. Nikamwambia fundi, mi nataka koki, sijaomba programu ya vijana chini ya miaka 17.

Basi Jumamosi akaja wa tano. Kijana mtulivu, hakuuliza nani kafunga, nikasema Alhamdulillah huyu sasa ndiye. Kafunga maji kule kwenye mita, kafungua koki ya zamani, kaitoa na elbo yake, kaweka chini vizuri kwenye gunia. Maji hakuna nyumba nzima, lakini si dakika 10 tu. Akainua kichwa kuomba ile tepu nyeupe ya kuzungushia, akaiona jezi niliyovaa, ya Stars, ya bluu. Spana ikashuka mkono.

"Hivi kaka, 2027 we unaona tumpe nani?"

Mi hapo ningesema "fundi funga koki kwanza". Nakiri. Lakini mwanaume wa Kitanzania ukimuuliza nani awe kocha wa taifa ni sawa na kumuuliza mgonjwa analala vipi, utakaa hapo mpaka kesho. Af 2027 yenyewe ni AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, tena ya kwetu, sisi na Kenya na Uganda, wageni wanakuja mpaka mlangoni halafu aliyeshika upawa jikoni ndo tunagombania. Nikavuta kigoda.

Fundi akasema yeye angempa Nabi. Hapo hapo nikajua huyu ni Yanga, hakuna haja ya kumuuliza. Nabi bana, aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, anajua mazingira, anajua joto la Dar. Kumbe jirani yangu wa bajaji alikuwa nyuma yangu na ndoo tupu anasubiri maji aoshe chombo, yule ni Simba mpaka sahani zake nyekundu. Akasema Nabi wa nini, mrudisheni Fadlu, aliifikisha Simba fainali ya Shirikisho 2025, anajua mazingira, anajua joto la Dar. Yaani maneno yale yale, mwaka tu umebadilika. Na wote wawili walirudi bila kombe, lakini ukisema hivyo unaonekana umetumwa.

Mi nikajifanya mtu wa busara. Nikasema nyie mbona mnamruka Gamondi? Si ndiye aliyepewa timu kama kaimu wiki chache kabla ya AFCON ya Morocco akatuingiza 16 bora, jambo ambalo toka nchi hii izaliwe halijawahi kutokea? Weee. Jirani wa bajaji ndoo ilimponyoka. "Yule wa 5-1? Yule aliyetufunga Simba tano akiwa kocha wa Yanga, Novemba 2023? Nikae kwa Mkapa nimshangilie mtu ambaye nilizima simu siku 3 kwa ajili yake?" Nikamwambia ile ilikuwa klabu, hii ni taifa. Akasema kidonda hakijui taifa. Fundi naye badala ya kufunga bomba anacheka mpaka analala kwenye gunia.

Hapo ndo mjue kocha wa taifa nchi hii hachaguliwi kwa mpira wake, anachaguliwa kwa benchi alilowahi kukalia. Ukimtaja Mgunda, Guardiola Mnene wa Tanga, upande mmoja unakwambia huyo wa Simba. Ukimtaja Mkwasa upande wa pili unakwambia huyo Yanga damu damu, tena atakukumbusha na zile 7 za Algeria kule Blida 2015, hatakukumbusha kwamba hapa Dar siku chache kabla tulitoka 2-2. Inabidi apatikane mtu ambaye hajawahi kufika Kariakoo hata kununua viatu.

Jirani akanibana na ile 16 bora yangu. "Mlishinda mechi ngapi?" Nikanyamaza. Kwa sababu ukweli ni kwamba Nigeria alitufunga 2-1, Uganda sare, Tunisia sare, pointi 2, tukapita. Pointi 2! Mwanangu Doto akiniletea ripoti yenye 2 simpeleki kokote, lakini siku ile nilikimbia barabarani na bendera, nikakumbatiana na mtu ninayemdai.

Nikachukua kijiti nikaanza kuandika kwenye tope lile lililobaki pale bombani. AFCON zetu zote: 1980, mechi 3. 2019, mechi 3. Ile ya Ivory Coast, mechi 3. Hii ya Morocco, mechi 4. Jumla 13. Sare 5, kufungwa 8, kushinda... nikaweka sifuri moja kubwa. Watu walikuwa wameshajaa, kila mtu na dumu lake. Wakaitazama ile sifuri kimya. Hata dada wa chumba cha mbele anayekaanga maandazi akaja kuitazama.

Kimya kikavunjwa na mzee wa chumba cha kona, mstaafu wa reli. Huyu mzee ukitaja 1980 ni kama umemwaga mahindi mbele ya kuku. Akatoka na msuli wake na redio kwapani. "Kocha alikuwa Bendera," akasema, "Joel Bendera, mzalendo, hamkuhitaji Mzungu." Fundi akasema shikamoo mzee, lakini si kulikuwa na Mpolandi pale, Wolk? Mzee akasema marahaba, Mpolandi alikuwepo lakini kuwepo siyo kufundisha, hata wewe upo hapa na maji hayatoki. Alimpiga chenga moja hiyo fundi akatafuta spana yake kwa macho, asiione.

Halafu tukapelekwa Ndola. Lazima. Siku ile Peter Tino alipowafunga Zambia kwao tukafuzu kwenda Lagos. Mi nimeshakutana na wazee wengi sana walioliona lile goli kwa macho, na kwa hesabu yangu uwanja wa Ndola siku ile ulibeba watu milioni 2, wote wa Tanganyika. Mzee wetu huyu nilishamsikia akisema mwaka ule alikuwa zamu stesheni ya Kaliua. Lakini anakuonyesha Tino alivyogeuka, mguu gani, mpaka upepo ulitokea upande gani. Nani ambishie mzee? Tukasema ndiyo baba.

Wakagawana, mzalendo huku, mgeni kule. Wa mgeni wakasema tumpate mtu mkubwa wa nje. Jamani, wa nje gani tena? Maximo Mbrazil alikuja 2006 akatufundisha kununua bendera, akatupeleka CHAN ya kwanza, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, na mpaka leo kuna watu hawajamsamehe kwa kumweka pembeni kipa Kaseja. Akaja Poulsen wa Denmark, akabeba Kombe la Chalenji, lile la Afrika Mashariki na Kati, 2010 hapa hapa Dar, akaondoka akaja Poulsen mwingine, naye wa Denmark, kuna mtu kazini kwetu mpaka leo anaamini ni yule yule alienda kunyoa. Akaja Mholanzi Nooij, akapigwa 3 na Uganda kule Zanzibar ukawa mwisho wake. Mnigeria Amunike ndo aliyevunja mwiko, miaka 39 hatujaiona AFCON, akawafunga Uganda 3-0 nchi ikalia machozi, tukaenda Misri tukafungwa mechi 3, Julai mzee hana kazi. Mrundi amekuja, Poulsen wa pili akarudi tena, Mzambia akashikilia, Amrouche akaja na uraia wa Ubelgiji na asili ya Algeria kwa pamoja, yaani wawili kwa bei ya mmoja. Tumebakiza Mchina tu.

Na hiyo ya Amrouche ndo inayoniumizaga kichwa. Sikilizeni. Amrouche kaongea maneno kuhusu Morocco, CAF, shirikisho la mpira Afrika, ikamfungia mechi 8, TFF, shirikisho letu, ikamsimamisha. Tukamtoa kwa sababu ya Morocco, tukamweka nani? Morocco. Hemed Suleiman, kocha wa Zanzibar, jina la utani Morocco. Basi Morocco wetu akatupa sare na Zambia na sare na Congo, akatufuzisha tena kwa kumfunga Guinea, mtu wa watu. Agosti 2025 CHAN ikachezwa kwetu, robo fainali kwa Mkapa, nani anamtoa Morocco? Morocco. 1-0. Novemba tukaachana na Morocco, tukaenda Morocco, tukatolewa na Morocco, 1-0. Siku moja nilimweleza shemeji yangu kutoka Songea kisa hiki kwenye simu, akaniuliza kama nimepima malaria.

Dada wa maandazi akasema, "Nyie, huyo kocha akija, wa kufunga magoli mnaye?" Akajibiwa na watu 4 kwa wakati mmoja kwamba aangalie mafuta yasiungue.

Sasa kosa kubwa lilikuja hapa. Fundi akataka kutuonyesha mfumo. Akafagia lile tope kwa mkono, sifuri yangu ikafutika, akapanga timu kwa vifaa vyake. Tepu nyeupe golini. Elbo 2 mabeki wa pembeni, kwa sababu zinapinda. Spana katikati, kiungo mkabaji, na kweli ilikaa vizuri. Misumari ya jirani ikawa mawinga. Koki yetu, ile pekee tuliyo nayo, shaba tupu, ikawekwa mbele peke yake. "Huyu ni Samatta," akasema. Jirani wa bajaji akasema Samatta hawezi kukaa peke yake mbele, msogezee mtu. Fundi akasema hasogezewi mtu, mipira itapitia pembeni. Mzee akasema 1980 hakukuwa na kupitia pembeni. Wakaanza kusogeza vitu, huyu anasogeza huyu anarudisha, Kulwa wangu naye ana miaka 6, kaona watu wazima wanacheza, akaja akampiga Samatta teke.

Shuti zuri sana, nisidanganye, la chini chini. Samatta akapita kati ya miguu ya mzee, akagonga sufuria, akaingia moja kwa moja kwenye shimo la maji machafu.

Kuna mtu alishangilia. Sikumjua ni nani mpaka leo, lakini "gooo" niliisikia.

Fundi akalichungulia lile shimo, akanawa mikono kwa maji ya kunywa ya dada, akasema koki mpya ni 8,000 anaenda kuchukua pale dukani, dakika 5. Nikampa. Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi.

Mama Kulwa karudi sokoni saa tisa. Kakuta nyumba haina tone, vyombo vya asubuhi vina nzi, wapangaji wamekaa kivulini wanaendelea na swali la leseni, eti kocha wa taifa lazima awe na leseni ya CAF, wakati fundi wetu tuliyemkabidhi nyumba nzima hakuna aliyemuuliza kama hata geti la VETA analijua. Kakuta na mimi nimeinama nimeziba bomba kwa kidole gumba, kwa sababu kuna mwerevu alifungua mita kuona kama maji yamerudi.

"Fundi yuko wapi?"

"Kaenda kununua koki."

"Na ya zamani?"

Nikamwangalia Kulwa. Kulwa akaniangalia mimi.

Hakugomba, na ndo kinachoniogopesha. Kaenda kwenye bajaji ya jirani, kavuta tyubu mbovu chini ya siti, kachana kipande kwa kisu cha vitunguu, kanitupia. "Baba Kulwa, si unapenda mpira? Haya, huo hapo. Funga." Nikafunga. Raundi 9. Linavuja lakini kwa heshima.

Jioni wapangaji wakafanya kikao bila kuniita, wakanitangaza kaimu fundi mpaka mwisho wa mwezi, posho hakuna, vifaa najitegemea, na hasara ya 8,000 ni ya kwangu. Nikasema sawa, kazi ya taifa.

Jana alfajiri nimetoka kwenda kukaza fundo, limelegea usiku. Nikamkuta jirani wa bajaji na mzee wamechuchumaa pale pale bombani na madumu yao, wanatikisa vichwa wanautazama ule mpira wangu. Hawakuniona. Mzee akauliza, "Nani huyu alifunga hivi?" Na jirani, bila hata aibu, akamjibu, "Mzee wangu, hilo achana nalo, we unaona tumpe nani badala yake?"