Umoja Ukifufuka, Nitazikwa Mimi

Siku hizi kila mtu ananiambia Umoja, mtaa wetu hapa Nairobi, unapanda. Kinyozi anasema, kondakta anasema, na madalali ndio usiseme. Mimi nakaa ghorofa ya sita, lifti hatuna, na nikipanda ngazi na mtungi wa lita 20 nakubaliana nao kwamba kweli kuna kitu kinapanda. Ni presha.

Ushahidi wao mkubwa ni rangi. Landilodi alipaka ploti yetu rangi ya chungwa, upande wa barabarani tu. Ubavuni kumebaki mawe matupu kwa sababu ukuta wa jirani uko karibu mno, fundi hana pa kusimama. Na huko ndiko dirisha langu la jikoni lilikoelekea. Saa sita mchana nawasha taa, tokeni za stima zinakwisha nikitafuta kijiko. Juzi mama wa ploti ya pili alinipigia kelele kwamba ugali wangu unaungua, na mimi niliyeupika nilikuwa sijasikia harufu.

Si kwamba mtaa ulizaliwa hivi. Ulijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, nyumba za chini zilizoachiwa nafasi kidogo ili mwenyewe aongeze chumba familia ikikua. Basi wenyewe wakaongeza. Wakaongeza kwenda juu mpaka jua likakosa njia. Ila bomba la majitaka la ploti yetu hakuna aliyelikumbuka. Lilipimiwa familia moja, leo linasubiriwa na ghorofa saba kila alfajiri. Mvua ikinyesha linatapika mlangoni kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Mtu akinijia na habari za kufufua mtaa, namwuliza kama amebeba sepetu. Kazi iko chini ya ardhi, si ukutani.

Lakini wapi! Wenye mpango wa kufufua mtaa walituita kwenye mkutano, wakatuonyesha picha ya mtaa utakavyokuwa. Miti, njia za baiskeli, vijana waliovaa nguo nyeupe wakitembeza vijibwa. Nguo nyeupe, Umoja, na vumbi hili! Nikajitafuta kwenye picha, sikujiona. Kamba ya kuanikia nguo hakuna hata moja. Mama mboga anayenikopesha sukuma wiki tangu tarehe 15 hayupo, mahali pake wamechora ua la plastiki. Nikauliza mama mboga ameenda wapi. Nikaambiwa maswali ni mwishoni, na mwishoni wakagawa soda.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ipo, usidhani tumeachwa hivihivi. Inamlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa pesa hizo hapa kwetu labda upangishwe ngazi, nayo uwapishe watu wakipita. Halafu tangu 2024 kuna ile Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara inakatwa kabla sijauona. Mwezi Mei 2025 watu walipewa funguo za nyumba hizo kule mtaa wa Mukuru. Niliwapigia makofi kwa moyo mmoja, maana nikipiga hesabu, kitasa cha mlango mmoja ni changu.

Sisi ufufuo wetu umeanza na maua. Landilodi ameleta vyungu, kimoja kila ghorofa, akaongeza kodi kwa sababu sasa tunaishi kwenye mazingira ya kisasa. Keateka, msimamizi wa ploti, amebandika ratiba ya kumwagilia, na anayeruka zamu anatozwa faini. Zamu yangu ni Jumanne. Maji kwenye ploti yetu huja Alhamisi.