Kadi za picha zinalaumiwa kwa kazi isiyo yake

Walimu kadhaa wa elimu ya awali hapa Dodoma wanaona kulinganisha neno na picha ni kupoteza muda. Kiswahili, wanasema, husomeka kama kilivyoandikwa. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu atasoma neno lolote. Ya nini akariri sura ya neno zima?

Hoja ina uzito. Mtoto aliyezoea kadi tu hubahatisha kwa mwanzo wa neno, na ngeli zetu humponza: kiti, kisu, kijiko na kikombe vyote vinaanza na ki. Wengine hukariri hata kona ya kadi iliyochakaa.

Lakini kutamka neno siyo kulijua. Mtoto wa Bahi aliyekulia Kigogo, au wa Kondoa aliyekulia Kirangi, anaweza kusoma ki-ji-ko bila kosa na asijue ni kitu gani. Darasa linampigia makofi, mwalimu anaweka vema, na mtoto anarudi kukaa bila neno jipya. Pengo hilo silabi haziwezi kuliziba, na kwa kuwa anatamka vizuri, huchelewa kugundulika.

Picha huliziba pale neno linaposikika kabla ya kuonekana. Siku mbili za kwanza maandishi yakae kando: picha nne, kikundi cha watoto watano, dakika kumi. Mwalimu ataje, watoto waonyeshe, kisha waseme kitu hicho kina kazi gani. Ungo au kibuyu kiwekwe mkononi kwanza, maana kwenye kadi kuku na mbuzi hulingana ukubwa. Kila picha iwe na kitu kimoja. Mwanamke anayechota maji ni mama, ndoo, maji au kuchota?

Siku ya tatu yaje maneno, sita kwa picha nne. Yakilingana idadi, jozi ya mwisho hujipanga yenyewe. Anza na ungo, kuku, jembe, mbuzi; baadaye changanya kisu na kiti makusudi, mtoto alazimike kusoma hadi silabi ya mwisho. Hapo silabi nazo zinapata kazi.

Kikwazo halisi ni wingi: kiwango ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na madarasa mengi yamezidi. Hata hivyo katoni, kalamu ya wino mzito na selotepu vinatosha seti tano.

Ijumaa ficha kadi, shika ungo, uliza ni nini. Wakinyamaza, wiki ijayo rudia picha zilezile.