Karo Jipya, Udongo Uleule

Shemeji yangu amevunja karo la majitaka ambalo halikuwa na kosa lolote. Zege zima, kuta hazina ufa, mifuniko imekaa sawasawa. Kosa lake ni kwamba maji yalikuwa yanarudi bafuni na nyuma ya nyumba kunanuka. Fundi alikuja, akachungulia, akashika kiuno, akatoa hukumu: "Hili limekufa, tuchimbe jingine kubwa." Jingine kubwa likachimbwa, na maji yake yakaunganishwa na shimo lilelile la zamani la kunyonyea, lile linaloyapeleka maji udongoni. Mvua zilipokolea tu, bafu likaanza tena kububujika.

Mwenye nyumba amenyamaza kwa heshima. Mimi siwezi.

Jamani, karo ni mahali pa kutulia tu. Vizito vinazama vinakuwa tope, mafuta yanaelea juu yanafanya ukoko, na maji ya katikati yanatoka polepole kwenda ardhini. Bakteria wa humo ndani wanakula kiasi chao, sawa, lakini anayesafisha yale maji kwa kweli ni udongo wa huko nje. Na udongo ndio unaochoka kwanza. Karo lisiponyonywa miaka na miaka, tope linapanda mpaka linafikia bomba la kutokea, linasafiri na maji, na kule kwenye shimo, au kwenye mitaro ya kokoto iliyofukiwa ya kusambazia maji ardhini, linajenga utando mweusi unaoteleza. Vitundu vya udongo vikizibwa na utando huo, maji hayana pa kwenda. Yanatafuta njia ya kurudi, na njia ya kurudi ni bafu lako. Sasa wewe unabadilisha karo! Figo zimegoma, unamwekea mgonjwa kibofu kipya.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kujua tatizo liko wapi kunahitaji macho tu. Ita gari la kunyonya. Maji ya karo yakishashuka, simama pembeni utazame bomba la upande wa kutokea. Maji yakitiririka kutoka huko kurudi ndani ya karo, jibu umeshalipata: ardhi imejaa, na karo halihusiki. Kukiwa kukavu, basi kagua bomba lenyewe. Huenda ile T ya mdomoni, kipande cha bomba chenye umbo la herufi T, imekatika, au mizizi imepenya kwenye maungio. Kuna siku nimeona mzizi mwembamba kama uzi umeingia kwenye bomba, na ndani umefumuka kuwa kichaka kizima kilichokamata kila kitambaa na kila karatasi iliyopita. Hilo nalo wangeliitia mashine ya kuchimba.

Kabla hujasaini chochote, nenda chooni kwanza. Dondoshea rangi kwenye tangi la juu, usivute maji, subiri kidogo. Rangi ikionekana kwenye bakuli, choo kinavuja kimyakimya, na choo kinachovuja kinaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku moja. Udongo gani utavumilia hayo, usiku na mchana, bila kupumzika?

Haya, tuseme udongo kweli umekufa na lazima mfumo ubadilishwe. Basi upimwe! Chimbeni tundu dogo mahali mnapotaka kupeleka maji, lifike kina ambacho mabomba yatalala. Limwagieni maji mengi mpaka udongo ushibe, liachwe likae, kisha jazeni tena, simamisheni rula na mhesabu maji yanashuka kiasi gani kwa muda gani. Kichanga kitayameza upesi, mfinyanzi utakutazama tu. Kipimo hicho ndicho kinachosema mitaro iwe mirefu kiasi gani, au kama mahali hapo pasahaulike kabisa. Kumwomba fundi apime, eti ni kumdharau. Yeye "anaijua ardhi kwa kuiangalia."

Kuna mafundi ambao ardhi ikikataa kunyonya, dawa yao ni kwenda chini zaidi mpaka wafikie mahali shimo "linakunywa vizuri." Linakunywa vizuri kwa sababu umeyagusa maji ya ardhini, bwana! Umekipelekea kisima cha jirani choo chako. Hapo sina utani. Mtu anayefanya hivyo kwa makusudi sioni tofauti yake na anayetia sumu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba makaro nayo hufa. Ile gesi inayonuka kama yai viza hugeuka tindikali juu ya usawa wa maji na kuila zege mpaka nondo zinachungulia. Karo la tofali lililopasuka nalo lina haki ya kuvunjwa. Lakini livunjwe baada ya kuchunguzwa.

Zile unga za kumwaga chooni ili karo "lijisafishe" hazitalifufua shimo lililokufa. Na gari lisiegeshwe juu ya mitaro, udongo ulioshindiliwa haupitishi maji.

Ila hili nalisema kwa mtu yeyote, hata kwa fundi aliyenikera: usishuke ndani ya karo, hata kama limeshanyonywa na linaonekana tupu. Gesi ile inakuangusha kabla hujaita, na anayeshuka kukuokoa anaanguka juu yako. Familia zimezika watu wawili, watatu, kwa shimo moja.

Mkishajenga mfumo mpya, mifuniko iachwe inaonekana, juu ya usawa wa ardhi. Fundi wa vigae atalalamika kwamba inaharibu ua, atataka kuifunika na kuipiga saruji. Chukua namba yake ya simu vizuri. Gari la kunyonya likija, aje yeye na nyundo yake.